Mlango Ubaki Wazi: Jinsi ya Kumzoesha Mbwa Kizimba

Mbwa wangu wa kwanza nilimtengenezea nyumba kutokana na boksi la mbao lililokuja na jokofu. Usiku wa kwanza nilimsukumia ndani, nikabana mlango kwa msumari uliokunjwa, nikaenda kulala. Hakulala yeye, hatukulala sisi, wala hawakulala wapangaji wenzetu. Alfajiri nilimkuta amejipaka kinyesi mpaka masikioni, na kucha zake za mbele zinavuja damu kwa kukwaruza mbao. Kwa miezi miwili baada ya hapo, ukilisogeza lile boksi kidogo tu, aliingia uvunguni mwa gari la mwenye nyumba na hatoki hata kwa nyama.

Boksi halikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeanza na mlango, na mlango huja mwisho.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeleta mtoto wa mbwa nyumbani wiki hii, au mwenye mbwa mzima asiyejua kutulia. Paka nao wana sehemu yao huko mbele.

Tuelewane maneno

*Banda* liko nje, lina paa, na mbwa hushinda au hulala humo. *Kizimba* ni kidogo zaidi: cha waya, plastiki au mbao, kinamtosha mbwa mmoja kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Anakaa humo kwa muda unaohesabika. *Kona* ni sehemu ya nyumba uliyoizungushia kizuizi, kama stoo, nusu ya baraza au chini ya ngazi. Kona ndiyo ya kumwachia ukienda mbali kwa muda mrefu, kwa kuwa ina nafasi ya maji, malazi na, kwa mtoto wa mbwa, gazeti la kukojolea.

Watu wengi wanachanganya vitu hivi vitatu, wakamfungia mbwa kizimbani muda ambao ungefaa kona.

Kwa nini eneo dogo linafundisha

Mtoto wa mbwa akifika wiki ya tatu hivi ya maisha yake huanza kujikokota kutoka alikolala ili akojoe pembeni. Hakuna aliyemfundisha. Kizimba kinatumia tabia hiyo tu: mahali pakiwa padogo kiasi kwamba pote ni kitanda, mbwa hujitahidi kujizuia mpaka atolewe. Mpe chumba kizima, atalala kona hii na kujisaidia kona ile, na kwa akili yake hajakosea kitu.

Kuna mbwa ambao tabia hiyo imeharibika. Ni wale waliolelewa wamerundikana ndani ya kreti chafu, mara nyingi wale wanaouzwa kando ya barabara. Wamelazimika kulalia uchafu wao hadi wakaona ni kawaida. Kwa hao, safisha kizimba kila mara, watoe nje mara mbili ya unavyomtoa mwingine, na uvumilie.

Jambo la pili ni usingizi. Mtoto wa mbwa anahitaji kulala kama saa 18 mpaka 20 kwa siku. Kwenye nyumba yenye watoto, redio na wageni hazipati, na mbwa aliyechoka hung'ata ndala, nyaya za umeme na vidole. Tabia nyingi tunazoita ukorofi ni usingizi tu.

La tatu ni zile siku ambazo utalazimika kumfungia, upende usipende: amefanyiwa upasuaji wa kufungwa kizazi na daktari anasema asirukeruke, fataki za mkesha wa mwaka mpya, safari, mgeni anayeogopa mbwa hadi anatetemeka. Na siku atakapomng'ata mtu. Hapo jeraha linaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aliyeng'atwa anakwenda hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri chochote, na mbwa hauawi, anafungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Mbwa ambaye tayari anatoa virusi vya kichaa kwenye mate kwa kawaida huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo. Mbwa aliyezoea kufungiwa anazimaliza siku 10 akisinzia. Asiyezoea anakata kamba siku ya pili, na bwana mifugo akija hamkuti.

> USIMFUNGIE KIZIMBANI MBWA
> - anayeharisha au kutapika;
> - ambaye hajatolewa kujisaidia sasa hivi;
> - aliyevaa mkanda wa shingo au mnyororo, maana hunasa kwenye waya na kumnyonga;
> - aliyetoka kufanya kosa. Kizimba kikiwa adhabu leo, kesho hakiingiliki.

Kipimo na vifaa

Msimamishe mbwa, pima kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, ongeza sentimita 10. Huo ni urefu. Mketishe, pima kutoka sakafuni hadi ncha ya masikio, ongeza 10 nyingine. Hicho ni kimo. Kwa mfano, mbwa wa sentimita 75 kwa 60 anataka kizimba cha 85 kwa 70. Kama ni mtoto atakayekua, tengeneza cha ukubwani, kisha kata kipande cha ubao kigawe ndani, na ukisogeze nyuma kadiri anavyoongezeka.

Si lazima ununue cha dukani. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea cha nondo nyembamba na wavu, lakini simama pale na umwambie mambo manne: matundu ya wavu yasipitishe mguu wala taya la mbwa, ncha zote zisagwe mpaka upitishe kiganja bila kukwaruzwa, mlango ufungukie nje, na chini pawe bapa, siyo waya mtupu unaokata nyayo. Rangi ikipakwa, iache ikauke na harufu iishe kabla mbwa hajaingia.

Cha mitumba hakina shida, ila usiamini kuwa ni kisafi kwa kukitazama. Virusi vya parvo vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu hukaa kwenye sakafu na udongo kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Kisugue kwanza uchafu wote utoke, kisha pitisha Jik, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, acha ikae imelowa dakika 10, suuza, anika juani.

Ndani weka gunia safi au blanketi la zamani. Godoro la sponji litaliwa, na sponji tumboni ni upasuaji.

Mahali pa kukiweka: kwenye kivuli, penye hewa, karibu na watu. Nyumba nyingi za pwani hazimwingizi mbwa ndani, na wala huna haja ya kubadili utaratibu wa nyumba yako. Baraza ya nyuma karibu na jiko inatosha, mradi awe anasikia sauti zenu. Usikiweke chini ya bati lisilo na dari.

> ONYO: JOTO
> Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema. Kizimba kwenye jua, au gari lililoegeshwa madirisha yakiwa juu, humaliza mbwa kwa dakika chache tu. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 hivi; likipita 40 kuna hatari, na 41 ni dharura. Dalili: anahema bila kupumzika, mate mazito, ufizi mwekundu sana, anapepesuka. Mtoe, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mbio kwa daktari wa mifugo. Mbwa wenye pua bapa huanguka mapema kuliko wengine.

Hatua kwa hatua

Andaa zawadi kwanza. Mapupu yaliyochemshwa na kukatwa kwa ukubwa wa punje ya harage hayana mshindani; dagaa wakavu wasio na chumvi nao wanafaa. Biskuti utajipunja tu. Weka kwenye kikopo, kitikise kidogo kila unapotoa, baada ya siku mbili mlio wenyewe utakuwa unamwita.

1. Mlango ufungwe kwa kamba, ukiwa wazi. Usije ukapigwa na upepo ukamgonga. Tupa kipande karibu na kizimba, kingine kizingitini, kingine ndani kidogo. Akiingiza kichwa na kutoka, sawa. Akiingia miguu miwili, sawa. Usimsukume, usimnyanyue, usisimame nyuma yake kama unamfukuza kuku. Fanya hivi dakika 5, mara tatu nne kwa siku.

2. Chakula chake kihamie humo. Leo sahani iko mlangoni, kesho katikati, keshokutwa mwisho kabisa. Akisita, irudishe nyuma kidogo. Hatua hii peke yake huchukua siku 2 kwa mmoja na wiki kwa mwingine.

3. Mpe neno. Mimi husema "Kwako!" Litamke wakati anaingia, siyo kabla, kwa siku ya kwanza. Kesho yake litamke kabla, kisha utupe kipande ndani. Neno liwe moja kwa watu wote wa nyumbani.

4. Rudisha mlango bila komeo. Hesabu mpaka tano, mpe kipande kupitia wavu, fungua. Kazi kubwa hapa ni kufungua kabla hajaomba kutoka. Ukichelewa akaanza kukwaruza, ulichomfundisha ni kukwaruza.

5. Bana komeo akiwa na kitu mdomoni. Mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe unafaa. Wa kuku aliyepikwa haufai kabisa, unavunjika kama sindano. Keti pembeni, menya viazi, soma gazeti. Dakika 1, kisha 3, kisha 5, kisha 10.

6. Potea machoni. Nenda jikoni urudi. Usiongeze muda kwa mstari mnyoofu. Changanya, mara dakika 5, mara 2, mara 8, mara 1. Muda ukiwa unapanda tu kila siku, mbwa anajua kesho ni mbaya kuliko leo.

7. Toka nyumbani kweli. Kabla ya hapo, siku nzima okota funguo, vaa viatu, kisha kaa chini bila kwenda popote, mpaka vitu hivyo visimtishe. Ukiondoka usimwage, ukirudi usifanye sherehe. Ingia, weka mzigo chini, ndipo umfungulie na umpeleke moja kwa moja kujisaidia.

Utajua umefika pale utakapomtafuta mchana na kumkuta amejilaza humo mwenyewe, mlango wazi, ulimi nje.

Muda gani?

Kipimo cha haraka kwa mtoto wa mbwa ni umri wake kwa miezi, ongeza 1. Wa miezi 2 anaweza kujizuia muda wa saa 3 hivi, wa miezi 3 saa 4. Huo ni ukomo wa kibofu, usiugeuze kuwa ratiba. Mchana toa nusu yake. Usiku akilala huvumilia zaidi, ila kwa mwezi wa kwanza jiandae kuamka mara moja, labda saa nane.

Kwa mbwa mzima, mimi sivuki muda wa saa 4 mchana kwa mkupuo mmoja. Kama kazini unatoka saa moja asubuhi na foleni inakurudisha saa mbili usiku, kizimba hakikufai. Tumia kona, au mwombe mtu amfungulie adhuhuri.

Ratiba ya haja ni nyepesi: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, kabla ya kulala. Kila mara mpeleke sehemu ileile, simama kimya kama mti, akimaliza mpe kipande palepale, siyo mkirudi ndani. Akikojoa ndani, futa na pangusa kwa siki na maji. Vitakasio vyenye amonia vina harufu inayokaribia ya mkojo wenyewe, vitamrudisha hapohapo. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kujificha nyuma ya kabati anapokojoa.

Anapolia usiku

Hapa ndipo watu hushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoto wa mbwa aliyeachishwa mama jana, usiku wa kwanza yuko peke yake kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Ukimweka nyuma ya nyumba gizani atalia, na ana haki. Usiku 4 za mwanzo kizimba kiwe mahali anaposikia pumzi ya mtu. Najua mbwa chumbani kwa wengi wetu ni kichekesho. Basi kiwe koridoni mlango wako ukiwa wazi, au wewe utandike godoro karibu na mlango wa baraza. Kila baada ya siku mbili tatu kisogeze hatua chache kuelekea pale unapotaka kikae.

Akilia, sikiliza kwanza. Kuna vilio vitatu na kila kimoja kina jibu lake.

*Alikuwa amelala, ameamka, anazunguka, analia kwa mikupuo mifupi.* Ni haja. Mtoe bila taa kali na bila maneno, mpeleke, mrudishe. Msipige soga, wala usimpe kitu, vinginevyo kesho atakuamsha kwa ajili ya soga.

*Amefungiwa sasa hivi, ananung'unika, anasikiliza, ananung'unika tena.* Anakupima. Subiri. Akinyamaza hata kwa sekunde 10, sogea umpe neno la upole. Ukifungua katikati ya kelele umemwambia bei: kesho atalipa kelele nyingi zaidi.

*Anahema, anatoa udenda, anauma waya, anajigonga.* Hii ni hofu, na hofu haiishi kwa kuachwa. Fungua, hata kama analia. Kesho rudi hatua mbili nyuma. Wapo wanaosema mwache alie mpaka achoke. Mimi niliwasikiliza mara moja, na matokeo yake umeyasoma mwanzoni.

Kuna mbwa wachache, hasa waliowahi kutelekezwa au kufungwa mnyororo miaka mingi, ambao kizimba hakiwafai asilani. Baada ya wiki 4 za kazi ya kweli kama bado anajiumiza, acha. Mpe kona, na uzungumze na daktari wa mifugo.

> KABLA HUJABANA KOMEO
> ☐ Amejisaidia?
> ☐ Mkanda wa shingo umetoka?
> ☐ Jua litakapohama, kivuli kitabaki?
> ☐ Maji yamefungwa kwenye wavu yasimwagike?
> ☐ Ana cha kutafuna?
> ☐ Nani atamfungulia ukichelewa, na ana ufunguo?

Paka

Paka habanwi kibofu kwa kizimba. Mpe sanduku lenye mchanga naye atajua la kufanya. Kwake eneo dogo lina kazi mbili.

Ya kwanza ni ugeni. Paka mpya akiachiwa nyumba nzima hupotelea dirishani. Mfungie chumba kimoja, hata stoo, kwa siku 3 mpaka 7: mchanga kona moja, chakula na maji kona ya mbali na mchanga, na boksi la katoni lililolazwa ubavu la kujifichia. Keti humo jioni bila kumshika. Akianza kujisugua miguuni kwako na mkia umesimama, fungua mlango.

Ya pili ni safari. Wengi wetu paka tunampeleka kwa daktari ndani ya kiroba, au kwenye tenga la kuku lililofunikwa kanga. Tenga siyo baya, lina hewa. Tatizo ni kwamba linatoka darini siku ya sindano tu, na paka akilisikia linaburuzwa yuko juu ya paa. Liache sebuleni mwezi mzima likiwa wazi, ndani kanga uliyoivaa, mara mojamoja tia dagaa. Siku ya safari funika lote kwa kitambaa. Paka asiyeona nje hapigi kelele sana. Na usimbebe kwa pikipiki akiwa mikononi.

Mbwa wa ulinzi

Limebaki lile banda la nyuma ya nyumba: mbwa anafungiwa alfajiri, anafunguliwa saa nne usiku, miaka na miaka, kwa imani kwamba atakuwa mkali. Anakuwa mwenye kelele. Hubwekea jani, pikipiki na mwezi, mpaka siku mwizi anapokuja hakuna anayeamka kutazama. Mbwa anayejua sauti za kawaida za mtaa ndiye anayeshtushwa na isiyo ya kawaida.

Kama ndiyo hali yako, usianze kwa kulivunja banda. Anza na dakika 20 za kutembea asubuhi akiwa na kamba kabla ya kumfungia, na nyingine 20 jioni. Mlishe humo kwa hatua zilezile za mlango wazi, hata kama ana miaka 6. Ongeza dirisha la wavu upande unaotazama uani, kwa kuwa mabanda mengi yamezibwa bati pande zote. Adhuhuri afunguliwe nusu saa.

Na huyo anayebaki nyumbani mchana, awe dada, kijana wa bustani au bibi, mwonyeshe mwenyewe neno, kikopo cha mapupu na komeo, kisha mwache afanye mara tatu ukiwa umesimama pembeni. Mbwa wa jirani yangu huingia kizimbani kwa "Kwako!" ya baba mwenye nyumba tu. Mama akisema, mbwa humtazama, kisha hutazama kikopo kilipo, juu ya kabati, asikokifikia mama.